Maji Ndiyo Refa

Philip Kipchumba alikuwa na kalenda mbili, na kwa miaka mitatu hazikuwahi kukutana. Moja ilikuwa ya karatasi, imetundikwa kwa msumari juu ya kitanda chake katika bweni la chuo cha ufundi, na Jumapili zake zote amezizungushia wino mwekundu. Ya pili haikuandikwa popote. Ilikuwa mwezi wenyewe, ule wa juu, ambao watu wa visiwa hivi huuhesabu tangu unapoandama, na kwa huo ndio alijua siku za mpira. Ya ukutani ilikuwa ya Mungu, ya mbinguni ilikuwa ya mpira. Ukifikiri vizuri utaona alizipindua, lakini kijana wa miaka ishirini na mbili hafikiri vizuri, na mimi simlaumu.

Wala usishangae Mkalenjin kuhesabu mwezi. Baba yake alikuwa askari polisi, akahamishiwa Ndau mtoto akiwa na miaka minne. Ndau hakuna kinachofika ila kwa boti: unga, saruji, mwalimu, hata milingoti ya goli. Kiwanja ni ufuo. Maji yakipwa watoto wanacheza, yakijaa wanarudi kwa mama zao. Philip alikuwa mrefu na mzito wa mbio, basi wakamtia golini, na goli walilompa lilikuwa lile linaloipa bahari mgongo. Sheria yao ilikuwa moja tu: mpira ukikupita, unaufuata mwenyewe kwa kuogelea. Mwaka wa kwanza aliogelea sana. Mwaka wa pili akaanza kudaka.

Kwa hiyo alipokwenda Lamu kusomea injini za boti, chuo kilikuwa kimepata kipa kabla hakijajua kama kimepata fundi. Mikono ile ilikuwa mikubwa, vidole virefu, na ilikuwa na tabia ya kufika mahali kabla ya mwenyewe kuamua. Bwana Husni, aliyekuwa mwalimu wake wa injini na kocha wa timu kwa pamoja, alikuwa akisema kwamba Philip akili yake iko viganjani. Alisema kwa sifa, ingawa darasani alisema vilevile na haikuwa sifa.

Sasa wito wake wa kuhubiri. Ulimjia bila kubisha hodi. Mwaka wake wa kwanza chuoni alitumwa Ras Kitau, upande wa Manda unaoikabili Shela, kutengeneza injini ya hoteli moja ndogo. Ilikuwa Jumapili. Kwenye banda la boti akawakuta wafanyakazi wa bara sita au saba, wapishi na wafua nguo na walinzi, wamekaa juu ya madumu wakingoja zamu zao. Kanisa liko ng'ambo, na zamu haijui Jumapili. Mpishi mmoja, mama mnene mwenye sauti ya chini, anaitwa Nerea, kwao Vihiga, akamwuliza: "Kijana, simu yako ina Biblia?"

"Inayo, Mama."

"Basi tusomee kidogo kabla hujatuchafua na hiyo grisi."

Akasoma. Zaburi tu, fupi, hata hakumaliza vizuri kwa sababu ya haya. Alipoinua macho akakuta watu wazima wamenyamaza wakimtazama kama watu waliopewa maji baada ya safari ndefu. Philip aliogopa. Aliogopa kwa namna anayoogopa mtu aliyefungua mlango wa stoo akakuta ndani mna ukumbi. Jumapili iliyofuata alirudi na hakukuwa na injini mbovu.

Akawa anarudi. Mwaka ukaisha, wa pili ukaingia, na banda la boti likawa kanisa lisilo na jina. Mchungaji Gakii, mama wa Kimeru aliyekuwa amehamishiwa Mokowe, kule bara, karibuni tu, akasikia habari zake, akaja kumwona, akamsikiliza akisoma na kueleza, mwishowe akamwambia bila kuzunguka: "Wewe umeitwa. Nitakuandikia barua ya chuo cha Biblia. Ila huo mpira, ndugu yangu, utaamua. Mtu hawatumikii mabwana wawili."

Philip alijibu "Ndiyo, Mchungaji," kisha akavuka kwenda mazoezini. Kila siku alijiambia ataamua. Akiwa golini alijihisi mwizi, ameiba saa za Mungu. Akiwa bandani anasoma, mguu wake ulikuwa ukipiga chini taratibu, kwa sababu nje maji yamepwa na ufuo uko mtupu na mtu mahali fulani ana mpira. Alikuwa na raha mbili na hakuna hata moja aliyoila ikashuka.

Sasa nikueleze kombe la fungu, maana bila hilo hutaelewa lolote. Mbele ya Ras Kitau liko fungu la mchanga ambalo huonekana siku za bamvua tu, pale mwezi ukiwa mpevu au mchanga na bahari ikatoka kabisa. Mara moja kwa mwaka timu ya chuo hucheza hapo na mabaharia wa Ras Kitau, kwa sababu mahali penyewe hapana mwenyewe, basi hakuna aliye nyumbani na hakuna mgeni. Hakuna saa ya mkononi. Mpira huanza fungu likishakauka. Mapumziko ni pale maji yanaposimama kabla ya kugeuka. Mwisho ni pale maji yanayorudi yanapougusa mlingoti wa goli lolote. Maji ndiyo refa. Kipindi cha pili huwa kirefu kuliko cha kwanza, na anayelalamika aende akaishitaki bahari. Timu zikitoka sare, kombe hubaki kwa aliyekuwa nalo, na aliyekuwa nalo kwa miaka mingi ni mabaharia.

Na nikueleze habari ya Nerea. Alikuwa ameishi miaka sita hatua mia moja kutoka baharini na hakuwahi kuingiza maji kupita vifundo vya miguu. Ndugu yake alizama mtoni wakiwa watoto, yeye yuko ukingoni anaangalia. Alitaka kubatizwa, alitaka kwa moyo wote, na kanisa la Mchungaji Gakii hubatiza kwa kuzamisha mtu mzima mzima. Mara mbili siku ilipangwa. Mara mbili Nerea alifika ufuoni na kitambaa cheupe kichwani, akatazama maji, akageuka akarudi jikoni akaanza kumenya vitunguu. Hakuna aliyemcheka. Msimu wa wageni ulipokuwa unaisha akapata habari kwamba mama yake hajiwezi, akaamua kurudi Vihiga moja kwa moja. Hapo ndipo alipomshika Philip mkono bandani.

"Nataka nibatizwe hapa kabla sijaondoka. Nataka wewe unishike. Si mtu mwingine. Nimeiona hiyo mikono ikidaka mpira kule ufuoni. Haijawahi kuachilia kitu."

"Nitakushika, Mama."

"Uniahidi."

Akaahidi. Mchungaji Gakii akapanga kwa simu: Jumapili ya mwisho ya mwezi, saa nne asubuhi, ghuba ya Ras Kitau, kwa kuwa saa nane ana ibada nyingine barani na Nerea anapanda basi Jumatatu alfajiri. Philip akaizungushia siku hiyo wino mara mbili kwenye kalenda ya karatasi. Wiki hiyohiyo Famau, nahodha wa timu, akatangaza kwamba kombe litachezwa mwezi kumi na sita, yaani siku ya kumi na sita tangu uandame, na Philip akaliweka hilo kwenye ile kalenda yake nyingine.

Zikakaa hivyo mpaka Alhamisi. Walikuwa karakana, wawili wao wameinamia injini, Famau akasema, kwa Kiamu chake, kama mtu anayesema habari za chai: "Jumapili kabla ya saa nne tuwe funguni, lishakauka. Bamvua hii mai yatapwa mpaka uone mifupa ya nti."

Spana ikamtoka Philip mkononi. Famau akaitazama spana, akamtazama yeye, kwa sababu kitu kumtoka Philip mkononi ni habari.

"Jumapili?"

"Mwezi kumi na sita si Jumapili? Wewe mwenzangu mwezi wauhesabu kwa vidole vya mguu?"

Philip akamweleza yote, ubatizo na Nerea na ahadi. Famau alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi juu ya boksi la vifaa.

"Ngoja, ngoja. Ubatizo wa kuzamisha?"

"Ndiyo."

"Ghubani Ras Kitau, bamvua, saa nne?" Akajifuta macho. "Na weye umekulia Ndau. Utamzamisha wapi huyo bibi wa watu, topeni?"

Hapo Philip naye akaketi. Ni kweli. Saa nne ya bamvua ghuba ile ni tope na kaa, na maji yaliyobaki yako kule mkondoni, yanakokwenda mbio hivi kwamba huwezi kumsimamisha hata mwogeleaji, seuze mwoga. Mtoto aliyejifunza kutembea kwa kufuata maji, mtu wa mabadiliko ya bahari tangu hajapoteza meno ya utoto, alikuwa ameukubali ubatizo wa saa ambayo bahari haipo. Na sababu ni moja. Mambo ya kanisa aliyaweka upande wa ukuta, mambo ya bahari upande wa mpira, na hakuwahi hata siku moja kuvipeleka vitu hivyo viwili mahali pamoja.

Akampigia Mchungaji. Alieleza vizuri, kwa adabu, habari ya bamvua na maji kupwa, na kwamba ikisogezwa hadi adhuhuri yatakuwapo. Mchungaji akauliza: "Na siku hiyohiyo kuna mpira?"

"Kuna, Mchungaji, lakini..."

"Kijana, mimi ni wa kutoka Igoji, bahari nimeiona juzi. Lakini Biblia nimeisoma. Bahari ilikauka mara moja tu, na haikuwa kwa ajili ya mpira. Saa nne."

Akakata. Philip akaitia simu mfukoni. Hakumkasirikia. Alijua angekuwa yeye Mchungaji angesema hivyohivyo.

Ijumaa jioni akavuka kwenda kwa Nerea, akamkuta anapanga masufuria ya msimu kwenye kabati. Akamwambia ukweli wote, kwamba maji hayatakuwapo saa nne, kwamba Mchungaji haamini, na kwamba saa hiyo yeye alitakiwa golini. Nerea hakuacha kupanga sufuria.

"Na wewe utakuwa wapi?"

Alikuwa amekuja na maneno mengi. Yote yakamtoka. "Nitakuwa na wewe, Mama. Maji yawepo yasiwepo."

"Haya," alisema Nerea. "Maana nikikimbia mara ya tatu, mwanangu, sirudi tena. Najijua."

Kwa hiyo Jumamosi Philip akamrudishia Bwana Husni glavu za timu. Bwana Husni alizipokea, akazigeuza, akasema, "Ahadi ni deni," basi. Hakumlaumu. Famau ndiye aliyepita mbele yake bwenini mara tatu bila kumsemesha. Golini ataingia Mahir, kipa wa akiba, kijana mwema, mfupi, ambaye mpira wa juu humwamkia tu ukapita.

Ikafika Jumapili. Mchungaji Gakii alishuka kwenye boti upande wa mkondo, akaja kwa miguu akizunguka ncha ya ufuo, Biblia kwapani, joho limekunjwa kwenye mfuko, nyuma yake waumini wanne wa Mokowe. Philip alikuwa tayari ghubani na kanzu nyeupe ya ubatizo, Nerea pembeni yake na kitambaa chake. Mchungaji akapanda kilima kidogo cha mchanga, akafika juu, akasimama.

Bahari haikuwapo. Pale alipotegemea maji palikuwa na uwanda mkubwa unaong'aa, tope la rangi ya chuma, mizizi, chaza, ndege weupe wanatembea wakidonoa, na boti mbili zimelala ubavu kama ng'ombe waliochoka. Mchungaji Gakii alivua kiatu kimoja, kisha cha pili, akavishika mkononi.

"Imekwenda wapi?" aliuliza mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Imetoka, Mchungaji. Itarudi."

"Yote hii?" Akaonyesha kwa kiatu. "Kila mwezi?"

"Mara mbili kwa mwezi."

Yule mchungaji aliyehubiri miaka kumi na minne akaketi juu ya ubavu wa boti. Philip alimwona anatazama, na kwa kumtazama yeye, naye akaiona. Tangu utotoni alikuwa ameyaona maji yakienda na kuja, hakuwahi kuyashangaa zaidi ya mtu anavyoushangaa mlango wa nyumba yao. Sasa alisimama pale na kanzu yake, ghafla akaona ukubwa wa kazi ile: bahari nzima ikivutwa bila kelele, ikirudishwa bila kelele, tangu enzi, wala haijawahi kusahau siku. Alijisemea, na huyu ndiye ninayemhesabia saa nilizomwibia.

Kutoka ng'ambo ya tope ikaja sauti ya watu wakipiga mayowe. Fungu lilikuwa pale karibu, limeinuka jeupe, limezungukwa na boti za watazamaji, na watu wadogowadogo wakikimbia juu yake.

"Wale ndio wa mpira?" aliuliza Mchungaji.

"Ndio hao."

"Maji ya kutosha yatakuwapo saa ngapi?"

"Pale katikati, kati ya ufuo na fungu, pana mkono mdogo wa maji, chini mchanga safi. Saa sita yatafika kiunoni. Ila kwa muda mfupi. Fungu likifunikwa, mkondo utapita juu yake na pale hapatafaa tena."

Mchungaji akamtazama Nerea. Nerea, ambaye alikuwa amejitayarisha kufa saa nne na sasa amepewa saa mbili za kuishi, alikuwa anacheka kimyakimya, mabega yanatikisika. "Mwache aende, Mchungaji," alisema. "Nikimtazama kule nitapata nguvu. Hapa tutakaa tunatazamana."

"Bahari ilikauka mara moja tu," Mchungaji alisema polepole, kama anayemeza dawa aliyomtengenezea mwenziwe. "Nenda. Nikiinua joho hili juu, popote ulipo, uache ulicho nacho mkononi uje."

Philip alikatiza tope akikimbia, kanzu ameifunga kiunoni. Walipomwona fungu zima lilipiga kelele. Yunusi, nahodha wa mabaharia, bonge la mtu na mpigaji wa mashuti ya kutisha, akasema kwa nguvu: "Huyo aja, na kanzu! Swala ya Ijumaa ilikuwa juzi, Bwana Philip." Maji yalikuwa ndiyo kwanza yamesimama, ni mapumziko, hakuna aliyefunga. Mahir alimvulia glavu kabla hajaombwa. Famau alimtazama juu mpaka chini, akampiga ngumi ya bega, na kununiana kwao kukaishia hapo.

Kipindi cha pili watu wa Shela wanakizungumza mpaka leo, na wanaongeza chumvi, lakini si nyingi. Philip hakuwahi kucheza vile. Aliruka kama mtu asiyemwibia mtu. Alidaka shuti la kwanza la Yunusi kifuani, la pili akalipangua kwa ngumi likaenda baharini, na alipolifuata kwa kuogelea watu wa Ndau waliokuwa botini wakacheka mpaka wakalia. Chuo wakapata bao, Famau, kwa goti, bila kukusudia. Maji yakaanza kurudi. Yalikuja bila papara, kidole kwa kidole, yakala kona ya kwanza, kona ya pili, mstari wa pembeni. Uwanja ukawa unapungua na wachezaji hawapungui. Mara kwa mara Philip alitupa jicho ufuoni, akaliona doa jeupe la kitambaa limesogea hadi ukingo wa ule mkono wa maji.

Kisha, maji yakiwa hatua nne kutoka kwenye mlingoti wake, beki wa chuo akamwangusha Yunusi ndani ya eneo. Penalti, wala hakuna aliyebisha kwamba si penalti, lakini walibisha kila kitu kingine, kwa sababu penalti ya fungu haipigwi kwa dakika moja. Pahala pake palishalowa, lazima parundikwe mchanga, na mchanga una siasa zake, na kila mmoja ana rai. Yunusi alikuwa amepiga magoti anaujenga mchanga kwa viganja. Akifunga ni sare, na kombe linabaki Ras Kitau. Philip akasimama katikati ya goli akasugua glavu.

Akatazama ufuoni, mara moja tu. Nerea alikuwa ndani ya maji.

Hakungoja kushikwa. Alikuwa ameingia peke yake, hatua kwa hatua, maji yamefika magotini, yamefika mapajani, mikono ameinua juu kama mtu anayevuka moto, uso ameuelekeza golini. Nyuma yake Mchungaji Gakii naye majini, ameinua joho juu ya kichwa kwa mikono miwili. Philip alijua anachokiona. Ule ni ushujaa wa mwoga, na ushujaa wa mwoga hauna akiba. Ukimngojesha mtu huyo muda wa kurundika mchanga, utamkuta jikoni na vitunguu.

Alivua glavu, akampa Mahir.

"Philip," Famau alisema. Jina tu.

"Ameingia," Philip alijibu, akaenda. Hakukimbia, maji yalikuwa yanamvuta miguu. Nyuma yake alisikia kelele zote za fungu zikizimika, akadhani ni hasira, akasema moyoni, na iwe.

Alimfikia. Alimshika mkono wa kushoto na mgongo, Mchungaji akamshika upande wa pili. Nerea alikuwa anatetemeka mwili mzima, meno yanagongana.

"Umeshika kweli?"

"Nimeshika, Mama."

"Usiseme tu."

"Sikuachilii."

Mchungaji akasema maneno, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, wakamlaza. Maji yakamfunika uso. Kwa muda wa pumzi moja Philip alihisi uzito wote wa mtu yule juu ya viganja vyake, miaka sita ya kuogopa na ndugu aliyezama, na vidole vyake vilijua la kufanya kama vilivyojua siku zote. Wakamwinua. Nerea alitoka na macho wazi, akapumua kwa nguvu, akaangalia huku na huku.

"Kumbe ni vuguvugu," alisema. "Miaka yote hiyo nilidhani ni baridi."

Akaanza kulia, akakaa mumo humo majini akiyachota kwa mikono na kujimwagia mabegani. Mchungaji Gakii alikuwa analia pia, joho limelowa lote. Ndipo Philip alipogeuka.

Fungu lilikuwa limebaki kipande cha ukubwa wa chumba. Juu yake walisimama wachezaji wote wa pande zote mbili, maji vifundoni, wametulia kama watu walio msikitini. Mahir hakuwa golini, glavu zimening'inia mkononi. Na mbele yao wote alisimama Yunusi, mpira ameubana kwapani, anatazama upande huu. Maji yalikuwa yamekwisha kuugusa mlingoti. Yalikuwa yameupita. Kile kilima cha mchanga alichokijenga kilishayeyuka, na yeye hakuinama kukijenga tena.

Philip akaelewa. Penalti haikupigwa. Lango lilikuwa wazi mbele ya Yunusi, na hata angekuwamo Mahir ingekuwa ni mamoja, na kombe ni lake kwa teke moja, na alikuwa amesimama akaiacha bahari ipulize kipenga.

Boti zilipowakusanya, Philip alimfuata. "Kwa nini hukupiga?"

Yunusi alikuwa anakamua fulana. "Nimpigie nani? Mpira ule ulikuwa wako na wangu. Na mtu aliyemwendea mwenye kumngoja hapigiwi mgongoni." Akamtazama Nerea, aliyekuwa amefungwa kwenye leso mbili ufuoni. "Subhanallah, bibi yule. Miaka sita namletea samaki, hata kukanyaga mai hataki. Yeo nimemuona."

Famau naye alikataa kulishika kombe. Alisema hawezi kuchukua kitu ambacho bahari imemaliza kabla watu hawajamaliza. Wakaliacha kwenye rafu ya banda la boti, katikati ya madumu, mahali Philip anaposomea, mpaka penalti ile ipigwe. Jumatatu alfajiri Nerea akapanda basi.

Siku kumi na tano baadaye mwezi ukaandama, bamvua nyingine, na safari hii boti zilikuwa nyingi kuliko siku ya mchezo wenyewe. Watu wote wale, kwa teke moja. Mchungaji Gakii alikuwapo, miguu mitupu tangu mwanzo. Alikuwa ameshamuuliza Bwana Husni namna ya kuhesabu mwezi, na sasa hapangi siku yoyote bila kuuliza kwanza maji yatakuwa wapi. Barua ya chuo cha Biblia ilikuwa imeandikwa, tarehe yake imewekwa mbele, baada ya Philip kumaliza masomo ya injini. Kuhusu mpira hakuandika neno, na Philip hakumkumbusha.

Yunusi akarundika mchanga. Philip akasimama katikati ya goli, bahari mgongoni, mtu mmoja na mikono miwili. Hakuomba adake wala hakuomba akose. Alishukuru tu kwamba yuko pale. Yunusi akapiga, na Philip akaruka kwa nguvu zake zote, kwa sababu kufanya pungufu ya hapo kungekuwa kumtukana. Kidole cha kati kiliugusa mpira. Ukaingia. Ukaendelea mpaka baharini, na yeye akaufuata kuogelea, kama ilivyo sheria, akaurudisha, akamkabidhi Yunusi pamoja na kombe.

Jioni simu ikaita, ni Nerea, kutoka Vihiga, na mvua inasikika juu ya mabati yake.

"Haya niambie. Ulidaka?"

"Sikudaka, Mama. Uliniponyoka."

"Basi," alisema Nerea, "huo ni mpira. Mimi ulinidaka."